Afisa wa Vipimo Soko la Otonglo

Seline, muuza mahindi, alimjua afisa wa vipimo wa serikali kabla hajamwona, kwa mlio wa kalamu yake. Afisa aligonga nayo kitako cha kila gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, akisaka uliobonyezwa ndani ili ujae upesi. Kisha aliifuta mizani yake kwa leso, taratibu, kama anayempangusa mtoto pua. “Mama, sheria ni kilo,” alisema kwa upole, na soko zima likapima kwa kilo mpaka jua likapoa. Hapo afisa alivua koti la kazi, akakunjua mfuko wake mwenyewe mbele ya Seline. Seline akavuta mizani. Afisa akaifunika kwa kiganja, macho yakicheka. “Hiyo ya serikali haina nyongeza, Mama. Mimi nipimie na gorogoro, ujaze mpaka yamwagike.”