Mtoto Aliyebaki

Tangu maji yamchukue Alya, kaka yake Mudathir alikataa katakata kumwagiwa maji mwilini. Mama yao, Samiha, alikuwa akimfuta kwa kitambaa kibichi kama mgonjwa, na mtoto wa miaka minane anatetemeka mpaka meno yanagongana. Wingu likitanda tu juu ya mtaa wao wa Mtoni, anajisokomeza uvunguni mwa kitanda na kujikojolea humohumo.

Siku ya mafuriko baba yao, Thuwaini, alikuwa dukani akiokoa magunia ya mchele. "Mshike mwenzio, usimwachie!" alimpigia kelele Mudathir, aliyekuwa nje na mdogo wake. Mara mto ukabomoa ukuta wa jirani, ukawazoa wote wawili. Vijana wa mtaani walimdaka Mudathir akitapatapa, mikono mitupu. Alya, wa miaka mitatu, alipatikana kesho yake kwenye mikoko.

Baada ya hitima Thuwaini alizigawa nguo za marehemu, akasema jina lake lisitajwe tena mle ndani. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeomba.

Mwalimu alipopiga simu kwamba Mudathir hasemi wala hachezi, Samiha alimpeleka kwa Clara, mshauri nasaha wa watoto kwenye zahanati moja ya Temeke. Clara hakumhoji. Alimpa udongo wa kufinyanga, wakakaa. Wiki zilivyosogea mtoto akawa anafinyanga watu, kila mara wawili, mkubwa na mdogo. Halafu Mudathir anampondaponda yule mkubwa kwa ngumi.

"Mama Mudathir, huyu anaamini amemuua mdogo wake," Clara alisema. "Wewe umeshamwambia si kosa lake. Lakini aliyemwagiza ni baba. Mlete."

Samiha alibembeleza weee, hadi Thuwaini akafunga duka, akaja. Aliketi na kanzu yake safi, kofia magotini. Mudathir akamtazama, akasema bila kuulizwa, "Baba, aliteleza. Mie sikumwachia."

Samiha alimwona mumewe akifungua mdomo. Thuwaini akasimama, akasema ana mzigo unamsubiri Buguruni, akatoka.

"Mbona hukumwambia?" Samiha alimuuliza nyumbani.

"Nilitaka." Alijifunika uso kwa viganja. "Nikimwambia si yeye, basi ni nani, Samiha? Mie nilikuwa nabeba mchele."

Jibu Samiha alikuwa nalo siku nyingi, na Thuwaini alilisoma machoni mwake.

Hakurudi tena kwa Clara. Mwezi ule ule akampeleka Mudathir Pugu kwa shangazi yake, Najma, mlimani, eti mbali na maji. Clara alisihi matibabu yasikatishwe. Samiha hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu.

Kila Ijumaa Samiha huenda kumwona. Mtoto anakuja mlangoni, anamwamkia kama anayemwamkia mgeni. "Shikamoo, mama. Baba amekuja?"

"Ana kazi, mwanangu."

Anaitikia kwa kichwa, anarudi ndani, anafunga mlango taratibu. Samiha hubaki uani amesimama, mpaka Najma atoke kumwambia chakula kimepoa.