Kicheko cha Edith kwenye Kilio cha Sylvain

Mtaa mzima wa Katuba ulimjua Edith kwa sauti. Mtu akifiwa, hata turubai halijafungwa, walishamtuma mtu kumwita, maana alijua kuongoza nyimbo za kilio mpaka wale waliokuja kwa adabu tu wakajikuta wanafuta macho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, binti wa fundi wa reli aliyetoka kaskazini. Aliishi na binti yake Keren, nyumba ya tatu kutoka kwa mdogo wake Brigitte.

Sauti ndiyo ilianza kuharibika. Karibu na Pasaka ulimi ukawa mzito. Wanafunzi walidhani amekunywa, mkurugenzi wa shule naye akadhani hivyo, akamwomba apumzike nyumbani. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikakataa kushika chaki. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: siku moja alisikia tangazo la sabuni redioni, akalia robo saa nzima bila huzuni yoyote.

Mwezi wa nane Sylvain, mtoto wa kwanza wa Brigitte, alifukiwa na udongo kwenye shimo la wachimbaji. Edith ndiye aliyemlea miaka minne, wakati mama yake anafuata samaki Kilwa, kule ziwani. Aliketi mkekani karibu na jeneza, uchungu umemjaa kifuani. Padri alipotaja jina la kijana, alifungua mdomo alie. Kilichotoka ni kicheko.

Alijiziba kwa kitambaa, kikazidi, kikali, kama cha mtu anayetekenywa. Nyimbo zikakatika. Brigitte alimtazama tu. Shemeji yake akamshika mkono akamtoa nje, na huko barabarani aliendelea kucheka huku machozi yanamtiririka. Hakuna aliyeuliza machozi yale ni ya nini.

Kabla jua halijatua, neno mulozi, yaani mchawi, lilikuwa limefika sokoni. Watu walisema mchawi hucheka akishamla mtu. Wamama wa parokia wakaacha kumpitia. Waliolazimika kuingia kwake walizungumza na Keren, wakimuuliza kama mama amekula, kama mama anaelewa, na mama yuko pale kitini anawasikia.

Keren alimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Mwila. Alimpima misuli na ulimi, kisha akamwagiza aandike miezi ya mwaka kuanzia mwisho, na majina ya wanyama mengi kadiri awezavyo. Alieleza kwamba ugonjwa huu huua polepole neva zinazoendesha misuli, na kwamba kwa wengine hugusa hata kufikiri, lakini akili ya Edith ilikuwa nzima. Halafu Keren akauliza habari ya kicheko.

“Neva zinazozuia kicheko na kilio nazo zimeguswa,” alisema Mwila. “Kicheko kinatoka usoni, mama. Hakitoki moyoni.”

Edith aliandika kwa mkono wa kushoto: Hata mimi nilianza kujiogopa.

Daktari alimpa vidonge vya kupunguza hali hiyo. Ugonjwa wenyewe, alisema, hauna dawa ya kuuponya.

Kurudi nyumbani, Edith alimwandikia Brigitte barua. Ilimchukua siku tatu, herufi zimelala ovyo kama za mtoto wa darasa la kwanza. Alieleza maneno ya daktari, akaandika kwamba Sylvain alikuwa mwanawe pia, kwamba ndani yake siku ile hakukuwa na kingine ila kilio. Aliomba akae na familia kwenye misa ya siku arobaini.

Brigitte alikuja mwenyewe, barua mkononi, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

“Yaya, dada yangu mukubwa, nimesoma yote,” alisema. “Nimekubali, ni bugonjwa.”

Edith alimshika mkono.

“Lakini ku misa usikuye. Bantu habatasoma hii karatasi. Batakuona wewe tu.”

Alikunja barua, akaiacha mezani, akaaga.

Siku ya misa Edith alibaki nyumbani, na Keren naye alikataa kwenda. Aliambiwa baadaye kwamba wengine walimuuliza Brigitte dada yake yuko wapi, naye akawajibu kwamba Edith hawezi tena kutembea. Wiki hiyo Edith alikuwa anatembea mwenyewe mpaka getini, kila asubuhi, akisimama hapo kutazama watu wakipita.