Siku Tulipomlilia Baba Akiwa Njiani

Maji yamerudi leo asubuhi. Kama unaishi Bujumbura huhitaji kuelezwa: bomba linakohoa, linatema kutu, halafu linaanza kumwaga, na kila mwanamke wa Ngagara anaacha alichokuwa anafanya na kukimbilia ndoo. Nami nilikimbia. Nilijaza pipa, nikajaza vidumu vya njano, nikajaza hata sufuria. Kisha, bila kukaa chini na kuamua, nikaingia chumbani kwa mwanangu, nikavua shuka, nikatoa foronya, nikaburuta godoro mpaka uani na kuliegemeza ukutani lipigwe na jua. Niliposimama kuvuta pumzi ndipo nilipoona nilichofanya.

Mwanangu alitakiwa kufika jana kutoka Gitega. Esansi, yaani petroli, imekuwa shida, unajua mwenyewe, mabasi yanalala kituoni pamoja na abiria wao. Simu yake haipatikani tangu jana mchana. Labda betri imekwisha. Labda ameazima simu ya mtu na namba yangu haikumbuki, maana vijana wa leo hawakumbuki namba ya mama zao. Nimejiambia hizo labda mpaka zimeniishia utamu.

Na godoro lake liko nje. Wewe uliyekulia kwingine utajiuliza godoro linawezaje kumtisha mtu mzima mwenye akili zake. Basi kaa, nikusimulie, na mimi nipate la kufanya huku nasubiri.

Nilikulia katika nyumba hii hii. Wakati ule Ngagara haikuwa na kuta. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na ua wa majani tu, tena mfupi, na jirani aliweza kukuuliza umepika nini bila kutoka jikoni kwake. Asubuhi ilinuka makaa na uji wa mtama. Mchana ilinuka ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, na paka wote wa kartie, mtaa wetu, walijua nyumba ipi ina mlinzi mvivu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana, simkumbuki sura. Nilibaki na bibi, mama yake baba, na baba mwenyewe, ambaye alikuwa dereva wa lori. Alipandisha saruji milimani na kuteremsha chochote kilichopatikana. Miaka ile ilikuwa ya wasiwasi, barabara ilikuwa inaweza kufungwa wakati wowote, na mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi hata pasipo sababu. Baba akiondoka nilikuwa nakaa kwenye jiwe la mbele ya nyumba na kuitazama njia.

“Unaangalia barabara vile, itakwisha,” bibi alikuwa akinitania. “Ingia, uchague maharagwe.”

Yeye alikuwa na dawa yake. Siku baba anayotarajiwa kurudi, bibi alifua shuka zake na foronya yake, akazipiga pasi ya makaa mpaka chumba kizima kikanuka moshi na sabuni. Alisema mtu aliyekula vumbi la njia nzima hawezi kulazwa kwenye jasho lake la zamani. Shuka zikishakaa kitandani, ndani ya kichwa changu ilikuwa kama baba ameshafika nusu.

Sasa wiki ninayokusimulia maji yalikatika. Siku ya baba ikapita bila shuka kufuliwa na bila baba. Ikapita na iliyofuata. Bibi akaenda dukani kwenye simu, akarudi, akasema tajiri wa lori hana habari. Alisema hivyo akiwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumapili yake, kanisani, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili akatusimulia habari ya Yairo. Unaikumbuka. Mzee wa sinagogi ana binti, na binti yuko kufani. Anamwangukia Yesu miguuni, Yesu anakubali, wanaanza kwenda nyumbani kwake. Halafu katikati ya njia Yesu anasimama. Anasimama! Kuna mwanamke mgonjwa amegusa vazi lake, naye anataka kujua ni nani, na mwanamke anaeleza habari zake zote tangu mwanzo. Wenzangu walifurahi kwamba mwanamke amepona. Mimi niliona moto. Mtu ana mtoto anakata roho, na huyu anaulizia vazi? Na hapo hapo wanafika watu kutoka nyumbani kusema binti amekwisha kufa, usimsumbue tena mwalimu. Sikusikia yaliyofuata. Nilikuwa nawaza lori la baba limesimama mahali, na mtu aliyetakiwa kulisaidia anasikiliza habari za mtu mwingine.

Nilimpelekea bibi kesi yangu moja kwa moja. Alikuwa ameketi na ungo wa maharagwe.

“Subira yavuta heri,” akasema.

“Heri gani, bibi? Mutoto alikufa!”

“Eh! Na mwalimu alimaliza hadisi, ao we ndo ulimaliza?”

Basi akanimalizia yeye, huku anatupa mawe ya maharagwe pembeni. Kwamba nyumbani walikuta kilio kimeshajaa. Kwamba Yesu aliwaambia binti amelala tu, wakamcheka. Kwamba aliwatoa wote nje, akabaki na baba na mama wa mtoto na wanafunzi wake wachache, akamshika binti mkono, naye akasimama.

“Na ile neno ya mwisho alisema, unaijua?” bibi akaniuliza.

Nikafikiri litakuwa neno kubwa, la kuandikwa ukutani kanisani.

“Alisema mumupe chakula,” bibi akasema. “Watu wote wameshangaa, wamefungua kinywa, hakuna mutu anakumbuka kama mutoto iko na njaa. Yeye tu.”

Kesho yake maji yakarudi. Bibi alifua kana kwamba anagombana na mtu. Hakufua shuka tu. Alifua mashati ya baba, soksi, koti la mvua, akatoa suti yake ya Jumapili akaitundika ipate hewa, na mwisho akaniita tusaidiane kulitoa godoro. Ua wetu wote ukajaa baba. Suti ilipopepea nilidhani inanipungia mkono, nikaingia ndani kwa hofu.

Kilichotokea baada ya hapo bibi alipaswa kukijua kabla, lakini akili yake ilikuwa barabarani. Katika kartie yetu, mtu akifa, wanawake hutoa godoro lake nje na kufua kila kilichokuwa chake. Majirani walijua baba amechelewa. Sasa wakachungulia juu ya ua wa majani, wakaona godoro, mashati, na suti bila mtu ndani yake.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mama Mwislamu aliyekuwa anauza mandazi. Aliingia bila hodi, kashika kichwa kwa mikono miwili. “Inna lillahi,” akasema, akamkumbatia bibi, akaanza kulia. Nyuma yake wakaja wengine na vidumu vya maji, na makaa, na sufuria za kuazimana. Wanaume wakaleta mabenchi, wakaketi mbele ya nyumba, kofia magotini. Nilisikia mtu akisema “masikini, mutoto abaki yatima kabisa,” na ilinichukua muda kuelewa kwamba huyo mtoto ni mimi.

Ndugu yangu, sijawahi kuogopa vile tena, mpaka jana. Mimi sikufikiri wamekosea. Nilifikiri wanajua. Watu wazima wengi namna ile, wanalia kwa sauti, wawezaje kulia bure? Nilimng'ang'ania bibi kitenge.

“Bibi, wamesikia nini?”

Bibi alikuwa ameshaelewa. Alitazama godoro, akawatazama watu, akafunga macho. Halafu akajikwamua kutoka mikononi mwa mama wa mandazi na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Hakuna mutu alikufa hapa. Nilifua tu.”

Hawakumwamini. Wakatazamana kwa huruma, mmoja akanong'ona kwamba uchungu umemchanganya mama wa watu. Mimi nikakumbuka hadithi ya jana yake, nikamvuta: “Uwatoe inje, bibi! Kama Yesu!”

“Mi siko Yesu,” akasema. “Hawa walikuja na makaa yao. Washa mbabura kubwa.”

Jiko la makaa lilipowaka, akaanza kupika. Maharagwe yote yaliyochaguliwa, mawese mpaka chini ya chupa, ndagala, mboga za lengalenga, ugali wa bugari wa sufuria mbili. Alitia chumvi, akageuka, akasahau, akatia tena. Na alikuwa anasema kitu chini chini, si sala ya kanisani, ni maneno matatu tu anayarudia, “Ana njaa, Bwana. Ana njaa.” Hapo ndipo nilipojua kwamba bibi naye anaogopa, tena kuliko mimi, na kwamba imani yake yote alikuwa ameitia katika sufuria ile.

Baba aliyapata yake kwa namna nyingine. Lori lilivunjika ekseli huko juu Bugarama, akakaa nalo, maana dereva haachi saruji ya tajiri porini. Mwishowe alipata nafasi juu ya lori la ndizi, akateremkia barabara kuu, akaja kwa miguu na kabichi mbili mkononi. Alipokata kona akaona mabenchi mbele ya nyumba yake na wanaume wamevua kofia, wameinamisha vichwa. Nyumba hii ilikuwa na mzee mmoja tu. Baba akajua mama yake amekufa, naye hakuwepo. Akaketi mwisho wa benchi, akaweka kabichi chini, akaanza kulia.

Aliyekuwa kando yake ni mzee fundi cherehani, macho yake yalikuwa yameshachoka. Alimpigapiga mgongo bila kumtazama.

“Amekwenda lini, muzee?” baba akauliza.

“Hatujui bado. Ni barabara.”

“Barabara? Mama alikuwa anaenda wapi?”

“Mama gani? Mama yuko anapika. Ni kijana yake amekufa, dereva.”

Nilikuwa mlangoni nabeba sahani. Nilimwona baba anainuka, uso wote vumbi na machozi yamechora njia, na yule fundi anamtazama kwa mara ya kwanza na kuanguka chali pamoja na benchi. Kelele zilizofuata siwezi kuzieleza. Wengine walikimbia. Mama wa mandazi alimpiga baba kofi, kisha akambusu mkono. Nami nilikuwa nimeshafika shingoni mwake, nanusa dizeli na ndizi, nimekataa kushuka.

Bibi alitoka jikoni mwisho. Hakupiga yowe. Alikuwa na sahani iliyojaa, akaiweka mbele ya baba kwa mikono miwili ili isimwagike.

“Keti, ule,” akasema.

Baba akala. Kartie nzima ilisimama inamtazama anavyotafuna, mpaka akainua uso na kusema maharagwe yana chumvi nyingi. Ndipo watu wakacheka, wakaketi, wakala wote, Waislamu na Wakristo, mkono kwa mkono katika sinia zile, na jua likazama tunalamba vidole.

Sitakudanganya kwamba kila aliyengojewa miaka ile alirudi. Nyumba nyingine zilipika vivyo hivyo, na zilisali kuliko sisi. Nilipokua kidogo nilimuuliza bibi juu yao. “Hata ule binti ya Yairo alikufa,” akasema. “Aliolewa, akazeeka, akakufa sawa mi nitakufa. Lakini siku ile alikula.” Sikuridhika na jibu hilo, na sijui kama nimeridhika leo.

Leo namfikiria mama wa yule binti. Yairo angalau alikuwa anatembea na Yesu, alimwona, aliweza kumvuta mkono. Mama alibaki nyumbani na mtoto anayepoa, na kilio kinajaa uani, na hakuna aliyemletea habari kwamba Yesu yuko njiani, amesimama tu kidogo. Injili haisemi alikuwa anafanya nini. Mimi nadhani alikuwa anafanya kazi fulani ya mikono.

Mimi nimepika. Nimekuta nimepika sufuria kubwa, ile ya bibi, maharagwe na mawese, kana kwamba benchi zinakuja. Lakini nani atakuja? Bibi na baba wamelala makaburini. Ua wa majani uling'olewa, zikapanda kuta na vipande vya chupa juu yake, na lango la bati. Godoro la mwanangu limekaa juani tangu asubuhi na hakuna jicho lililoliona. Katika kundi la simu la kartie yetu watu wameuliza maji yamerudi upande gani, nami nikajibu upande wetu, asante. Sikuandika neno zaidi. Mchana nimekwenda kufungua lango wazi kabisa, nikajiambia ni kwa ajili ya hewa. Ukweli ni kwamba natamani mtu apite, aone, akosee, aingie akilia bila hodi. Pikipiki zimepita. Gari moja limepunguza mwendo, likageuza.

Nimesikia hatua nikiwa nageuza foronya kwenye kamba. Amesimama langoni, viatu mkononi, midomo imekauka, mwanangu. Amesema kitu juu ya basi lililoishiwa esansi mlimani na simu iliyozimika, sikukisikia vizuri. Nimemshika uso. Nimemshika mpaka akaanza kulalamika, macho kwenye godoro.

“Mama, mbona matela yangu iko inje?”

Nimemketisha, nikampakulia. Amekula sahani ya kwanza bila kuinua kichwa. Alipofikia ya pili amechungulia ndani ya sufuria, akaniangalia.

“Ulipikia nani hii yote? Kuna watu wanakuja?”

Nimetazama lango lililo wazi, na njia tupu nje yake.

“Kula kwanza,” nikamwambia.