Nilimpa Mdogo Wangu Figo, Kumbe Nilishachaguliwa

Figo yangu moja haikai na mimi. Inakaa kwa mdogo wangu, upande wa pili wa mji, na nasikia inaendelea vizuri.

Msicheke. Nawaeleza ilivyofika huko, maana hata mimi mwenyewe habari yote nimeijua juzi tu.

Mimi nashona makochi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitaongea kama ninavyojua.

Kwa mama yetu tuko watatu. Mkubwa tunamwita Bosi, kwa ajili ya tai na kazi yake ya ofisini. Mimi wa kati. Kitindamimba ni Bonge, na jina hilo lilianza kumpwaya figo zake zilipokufa. Alikonda mpaka suruali ikawa inashikiliwa na maombi.

Daktari akasema atafutwe ndugu wa kumtolea figo. Mimi na Bosi tukapimwa.

Pale hospitalini wana utaratibu wao. Siku ya majibu kila mtu anaingia peke yake na mlango unafungwa. Daktari akaniambia nafaa. Halafu akaongeza kwamba kama naogopa nimwambie tu, ndugu zangu wataambiwa sifai, na siri hiyo itaishia pale.

Nikamwambia, "Daktari, mimi nachana makochi ya watu kila siku. Nichane."

Nikatoka natangaza kwamba nafaa. Ikawa zamu ya Bosi.

Alitoka anatikisa kichwa. Hafai. Akaegemea ukuta akalia kama mtoto, eti alitamani awe yeye. Mimi ndiye niliyembembeleza. Nikampa na leso yangu.

Basi nikakatwa. Bonge akapata rangi, mashavu yakarudi. Mimi nilikaa muda mrefu siruhusiwi kuinua kochi, wateja wakahamia kwa mafundi wengine. Sikulalamika. Kovu nililikagua kwa jicho la fundi, nikaona mshono si mbaya.

Nilikuwa natembea kifua mbele, jamani. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye yule anayetumwa kuleta viti. Sasa nikiingia sebuleni, watu wananipisha nikae.

Mpaka juzi.

Nilikwenda kwa Bosi kumbadilishia kitambaa cha kochi. Mwenyewe hakuwepo. Mke wake akaniletea chai, akakaa, akanitazama weee.

"Shemeji, sijawahi kukushukuru vizuri."

Nikadhani ni habari za Bonge. Nikamwambia damu nzito kuliko maji.

"Hapana, nasema kwa ajili ya mume wangu. Na yeye alifaa. Wewe ukamwambia Mama, acha niingie mimi, huyu ana watoto. Wangapi wangefanya hivyo?"

Sindano iliingia kidoleni. Sikuisikia.

Maneno hayo sijawahi kuyatamka. Hata kuulizwa sikuulizwa. Nikamjibu kwamba ndugu ndivyo walivyo. Nikaliacha kochi limepasuliwa tumbo, nikanyoosha moja kwa moja kwa Mama.

Nilimkuta anakunja nguo. Nikamuuliza. Hakukana hata kidogo. Alisema alimwita Bosi jikoni kabla ya siku ya majibu, akamwambia mdogo wako akifaa, wewe mwambie daktari hutaki. Yale maneno ya kwamba nilijitolea mwenyewe aliyatunga yeye, ili mkwewe asimdharau mumewe.

Na bado anakunja.

"Yule ana watoto wanne, mwanangu. Wewe ukilala usiamke, nani atalala njaa?"

Hivyohivyo. Kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja.

"Ungeniambia, Mama."

"Ungekataa."

"Nisingekataa. Hata leo ungeniuliza, ningesema ndiyo."

Mikono ikasimama. Nadhani hilo halikuwahi kumpitia kichwani, kwamba mimi naweza kutoa kwa kupenda. Nikangoja. Nilitaka neno moja tu, lolote, la mama kwa mtoto.

Akasema, "Basi usimwambie Bonge. Atajisikia vibaya."

Nikaondoka. Ningebaki ningesema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake.

Sasa Bonge, najua huwa unasoma humu. Figo ni yako. Nilikupa mimi, kwa akili zangu, mlango umefungwa. Meza dawa zako na usije kuniomba msamaha, wewe huna kosa. Bosi na Mama wasinipigie kwanza. Nikipoa nitawatafuta mwenyewe.

Na ninyi wengine, mkihitaji kitu mwilini mwa mtu, kaeni naye mumwombe uso kwa uso. Anayekupenda atakupa. Ukimzunguka, figo utaipata, ila ndugu umempoteza.