Nilivyoiba dawa ya dada yangu kwa sababu ya goti langu jipya

Salaam aleikum wakuu, na ndugu zangu Wakristo, habari zenu.

Humu mimi ni msomaji tu wa siku nyingi. Leo naandika, na nitaandika yote kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo nikiyasoma tena natamani kuyafuta. Mkinitukana nitaelewa.

Mimi ni mzee wa Isiolo mjini, dereva wa lori mstaafu. Nilianza kubeba mbuzi na bidhaa za maduka barabara ya Merti zamani, kabla tujue kitu kinaitwa kaunti. Ile barabara na clutch ya lori ndiyo ilimaliza goti langu la kushoto. Mwishowe nilikuwa nashuka kwenye gari kama mtu anayeshuka mtini.

Nikafanyiwa operation Meru. Wakatoa goti la zamani, wakaweka la chuma.

Aliyeniuguza hospitalini alikuwa dada yangu mkubwa, Talaso. Mke wangu Habiba alibaki kuangalia nyumba. Talaso alikaa na mimi siku zote zile, akanishika mkono nikijifunza kwenda choo, akanifokea nikikataa kula. Wakati huo alikuwa tayari anasikia kitu kinamkwama kooni akimeza. Hakuniambia. Alisema ni homa tu.

Niliporudi nyumbani watu walikuja wengi kunisalimia. Kila mmoja ananiuliza, "Goti vipi?" Na mimi nasema, "Alhamdulillahi, kama kijana." Msikitini nilikataa kiti. Nikajilazimisha kukaa chini na wenzangu huku jasho linanitoka mgongoni.

Ukweli ni kwamba goti liliuma. Miezi ilipita na bado linauma. Si yale maumivu ya mwanzo ya kidonda, hapana. Ni kitu kama kamba imekazwa ndani, na ukikunja mguu inakazwa zaidi.

Physio alikuwa amenipa mazoezi ya kukunja na kunyoosha kila siku. Niliyafanya wiki chache, nikaona yanaongeza uchungu, nikaacha. Akinipigia simu namwambia naendelea vizuri.

Mtaniuliza, kwa nini sikurudi kwa daktari? Wakuu, nilikuwa nimeshatangaza nimepona. Na mimi ndiye niliyepinga watu wote walioniambia nisifanyiwe operation, Habiba akiwa wa kwanza. Sasa nianze kusema bado nachechemea kwa uchungu? Nilikuwa na kiburi, sina jina lingine la kukiita.

Basi Talaso akazidiwa. Wakampima, ikawa ni saratani ya koo, na imeenda mbali. Alikuwa mjane, na binti yake yuko huko Merti, kwa hivyo tukamchukua akae kwetu karibu na hospitali. Chakula kikawa uji mwepesi na maziwa. Sauti ikashuka ikawa ya kunong'ona.

Kulikuwa na nesi, nitamwita Kananu, mama wa Kimeru mpole sana. Alikuwa anakuja nyumbani kumwona, na ndiye aliyeleta dawa ya maumivu. Morphine ya maji, kwenye chupa. Alimfundisha Habiba kupima kwa ile sirinji isiyo na sindano.

"Hii ni ya mama peke yake," alisema. "Mtu mwingine asiguse."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nilisikia kwa masikio yangu mawili.

Siku ya kwanza nilijiambia ni kuonja tu. Ilikuwa mchana baada ya adhuhuri, Habiba ameenda sokoni, Talaso amelala. Chupa iko juu ya kabati. Nikameza kidogo. Chungu ajabu.

Baada ya muda ile kamba ya goti ikalegea. Nilikaa kwenye kiti nikalia, kwa raha.

Siku ya tatu nikarudia. Halafu ikawa kila mchana. Nikaona chupa inashuka haraka, Habiba atagundua. Nikaongeza maji.

Nimesema. Niliongeza maji kwenye dawa ya mgonjwa wa saratani, dada yangu wa tumbo moja.

Talaso akaanza kulia. Si kwa sauti, hakuwa nayo. Alikuwa anashika shuka na kugeuza kichwa huku na huku, machozi yanaingia masikioni. Habiba anamfuta, anamwambia, "Dada, vumilia, nimekupa dawa sasa hivi."

Mimi niko mlangoni naangalia. Nikaenda kukaa nje. Mchana wa siku hiyo pia nilikunywa.

Habiba akampigia Kananu. Nesi akaja, akamwuliza maswali, akaangalia vile Habiba anapima. Hakuna kosa. Akashauriana na daktari kwa simu, kisha akasema ugonjwa umesonga, kipimo lazima kipande. Angeleta chupa mpya na dose kubwa zaidi.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi, nesi yuko mbele yangu, ananipita akienda kuvaa viatu. Nikamwambia, "Asante nesi, Mungu akubariki."

Chupa mpya ililetwa Ijumaa asubuhi. Sikujua. Nilikuwa nimetoka mapema kukaa na wazee wenzangu, halafu nikaenda kuswali.

Niliporudi nikamkuta Habiba ana uso wa furaha. "Njoo umwone," akasema. "Leo amelala, alhamdulillahi. Nimempa ile mpya asubuhi, hajasumbuka kabisa."

Nikaingia. Talaso amelala mdomo wazi. Pumzi inaingia, halafu unangoja. Unangoja sana. Halafu inaingia nyingine. Nikamwita kwa jina. Nikamtikisa bega. Macho yalifunguka kidogo yakafunga.

Wakuu, mimi si daktari, lakini nilielewa pale pale. Walipandisha kipimo kwa sababu ya dawa ambayo nilikuwa nimeichezea. Mwili wake ulikuwa umezoea maji yangu, na sasa amepewa dawa kamili, tena nyingi.

Habiba akaingia na sirinji imejaa. Saa ya kipimo cha pili ilikuwa imefika.

"Usimpe," nikasema.

"Kwa nini? Nesi amesema nisikose saa."

"Usimpe. Ile chupa ya kwanza ilikuwa na maji."

"Maji ya nani?"

"Yangu."

Hakuelewa. Akaniangalia vile unamwangalia mtu aliyechanganyikiwa. Nikalazimika kusema yote, nimeshika ukuta, mgonjwa yuko kati yetu. Tumekaa na Habiba miaka zaidi ya thelathini, na sikuwa nimewahi kumwona akirudi nyuma hatua moja kutoka kwangu.

Akampigia Kananu. Jirani akaleta pickup, tukamkimbiza hospitali. Na pale mapokezi daktari akauliza alikuwa anapewa nini, kiasi gani, tangu lini. Habiba akaninyooshea kidole. "Mwulize huyu."

Nilisema mbele ya daktari, mbele ya Kananu, mbele ya jirani yangu. Daktari aliandika tu. Kananu hakunigombeza. Aliniuliza, "Mzee, kwa nini hukuniambia goti linauma? Ningekutafutia msaada wako." Afadhali angenipiga.

Walimhudumia, na kufikia kesho yake akaamka vizuri. Mungu alimhurumia yeye, si mimi.

Niliketi kando ya kitanda nikamwambia mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanong'ona, "Uliniona nikilia?"

"Nilikuona."

"Na ulijua sababu?"

"Nilijua."

Akageuza uso ukutani. Alipotoka hospitali alienda kwa binti yake Merti, hakurudi kwangu.

Mimi nikapelekwa Meru na Habiba kama mtoto. Wakapiga X-ray, wakapima damu, goti halina maambukizi wala halijalegea. Daktari akasema wako watu ambao maumivu yanakaa muda mrefu baada ya operation hii na yana matibabu yake, lakini langu lilikuwa limekakamaa zaidi kwa sababu niliacha mazoezi. Nilianza upya kwa physio. Nilipiga kelele pale, na safari hii sikuficha.

Nilienda Merti kumwona Talaso mara moja. Alikuwa amebaki mdogo kitandani. Binti yake alinisalimia kwa heshima, "Karibu abuyya," yaani mjomba. Kabla ya kwenda kuniletea chai, akachukua chupa ya dawa iliyokuwa mezani, akatoka nayo.

Alikuwa na haki.

Tukabaki wawili. Talaso akaniangalia mguu. "Goti?" akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa tayari unasema alhamdulillahi, kama kijana. Nikauzuia.

"Linauma, dada. Kila siku linauma."

Akafunga macho. "Ungesema hivyo tu," akanong'ona.

Alifariki baada ya wiki chache. Kama alinisamehe, hakuniambia, na sikuwa na uso wa kumwuliza.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekipata kwa bei ya mtu mwingine. Kama umefanyiwa operation na bado unaumwa, sema. Mwambie daktari, mwambie mkeo, mwambie anayekuuliza barabarani. Usifanye mazoezi kwa mdomo tu. Na dawa ya mgonjwa usiiguse, hata tone.

Walio na magoti ya chuma humu, nyinyi mlivumilia vipi ile miezi ya kwanza? Na kama kuna mtu aliyewahi kumkosea mgonjwa hivi, akaishi nalo, aniandikie. Hata wa kunilaumu aandike, nitasoma yote.