Librada Hajiamini Hata Yeye Mwenyewe

Saa moja asubuhi, mjini Asunción, Librada Ovelar anatia dawa kwenye mchuzi wa kukuzia seli za saratani. Kisha anamwita mwenzake aje atie sahihi kwamba ameona.

"Siku hizi simwamini mtu," anasema. "Mimi mwenyewe ndiye namba moja."

Kwa miaka kumi na tisa, fundi huyu wa maabara amepima mizizi na majani dhidi ya seli zilizoishinda dawa ya hospitali. Seli hizo lazima zilishwe dawa hiyohiyo kidogokidogo, la sivyo usugu wake hupotea.

Mwezi uliopita mzizi mmoja uliziua zote kwa siku mbili. Wenzake walipiga makofi. Yeye alinuna.

Alianza kumhoji muuza mitishamba, Ña Eulogia. "Mzizi wako umeuchanganya na nini, mama?"

"Ala! Nakuuzia majani ya chai ya tereré tangu hujaolewa, leo nimekuwa mchawi?"

Akamgeukia mkuu wake, aliyekwisha kualikwa redioni kuutangaza mzizi huo. Naye akaapa kwamba hajagusa kitu.

Kilichomnyima raha ni mdogo wake, Perla. Dawa zimegoma kuituliza saratani ya titi lake, na aliposikia habari za mzizi alisusa hospitali. Alitaka chupa ya mzizi tu.

Librada akachukua seli nyingine za kundi lilelile, akazimwagia dawa ileile ya hospitali. Zikafa pia. Hazikuwa sugu tena! Kuna mtu hakuwa akizitilia dawa.

"Nikasema, leo namnasa," anasimulia.

Akafungua daftari kuanzia Januari, wenzake walipokuwa likizo. Wiki saba mfululizo, safu ya dawa ilikuwa tupu. Kila wiki ilikuwa na sahihi yake mwenyewe. Ndizo wiki alizokuwa akikimbia na Perla hospitali.

"Niliona aibu, nikalia palepale," anasema.

Mahojiano ya redio yamefutwa. Ametoa kwenye barafu seli za akiba, sugu kwelikweli, na anaomba apewe wiki sita aupime mzizi upya.

Perla alipoambiwa, alikasirika. "Wewe hata malaika akishuka utamdai kitambulisho! Kwa hiyo mzizi haufai?"

"Sijui, mdogo wangu. Bado haujapambana na adui mwenyewe."

Perla akavuta tereré kwa mrija mpaka maji yakaisha.

"Jumatatu hospitali wanafungua saa ngapi?"