Vyekundu vya Dagny

Jirani yangu Dagny alikulia hapahapa Billund, mji mdogo wa Denmark, akichezea vitofali vya plastiki vya rangi za majaribio. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha vitofali hivyo, na rangi zilizokataliwa alikuja nazo nyumbani: zambarau iliyopauka, kijani kama supu ya njegere. Watoto wenzake walimcheka kwa vijumba alivyojenga navyo. "Dagny, nyumba yako ina surua!"

Juzi, nikiwa kwake, alikuja mkusanyaji wa vitofali vya zamani kutoka mji wa Aarhus. Kahawa niliyommiminia hakuigusa. Macho yote kwenye kopo la Dagny lenye vile vitofali vya utotoni.

"Mama, rangi hizi hazipatikani tena popote!"

"Chukua zote, kijana."

Akafungua na kijisanduku kilichokuwa kando, akacheka. "Vyekundu tu? Hivi si vimejaa kila duka!"

Nilitamani kummwagia ile kahawa. Dagny akakifunga kijisanduku taratibu.

"Hivyo siuzi. Siku niliyorudi nalia kwa kuchekwa, baba, ambaye kutwa alivitengeneza kwa maelfu, aliuza baiskeli yake akaninunulia hivyo dukani. Majira yote ya baridi alikwenda kazini kwa miguu."